Swali la Wembe

Nkowe,
9 Aprili 2006

Mume wangu Saadi,

Najua barua zako zote huanza na "madhumuni ya barua hii", utadhani unamwandikia Bwana Kilimo. Mimi sina madhumuni, nina maneno tu. Mtoto anacheza! Alianza Jumatano nikiwa nachuma majani ya kunde. Nikaacha kikapu, nikakaa chini palepale shambani nikacheka peke yangu, mpaka mama yako akaniuliza kama jua limenipanda kichwani. Miaka saba, Saadi. Miaka saba mama ananitazama tumbo kabla hajanitazama uso, na zile mimba mbili zilizotoka hatukumwambia mtu. Hii imekaa. Mwezi wa tano huu na imekaa.

Kliniki nimekwenda. Nesi Tabitha amenipima, anasema mtoto yuko vizuri na mimi niongeze mboga. Safari hii walikuwepo na wageni, madaktari wawili wametoka Dar na gari lao jeupe. Wanapima damu ya wajawazito wanaokubali. Si ile ya UKIMWI, ile nilipima mwezi wa pili na jibu lake unalijua, nilikuonyesha. Hii ni ya homa ya ini, wanaiita aina ya C. Wanasema mtu anakaa nayo miaka na miaka haumwi kitu, huku inamla ini taratibu, na mama anaweza kumpa mtoto aliye tumboni. Basi nikatoa mkono. Wengine walitoroka. Ashura wa kule bondeni alisema anakwenda kujisaidia, hajarudi mpaka leo! Majibu ni baada ya wiki tatu.

Barua hii anakuletea Mikidadi wa mitumba, anakuja kuuza huko mnadani. Usimwache aondoke bila chai, maana anazibeba barua zetu bure kabisa.

Uje mwisho wa mwezi kama kawaida yetu. Wembe uko palepale juu ya dirisha, nimeufunga kwenye kitambaa. Mtu mwenyewe najua ulivyo mvivu nisipokuwepo.

Mkeo,
Zaitun

*

Nachingwea,
17 Aprili 2006

Kwa mke wangu Zaitun,

Madhumuni ya barua hii (cheka ukitaka) ni kukujulisha kuwa habari ya mtoto nimeipokea kwa furaha. Hapa ghalani msimu umekwisha, korosho zote zimepakiwa, karani wa mizani nimebaki kufagia na kuhesabu magunia matupu. Afya yangu ni nzuri.

Ila hilo la damu limeniudhi. Nani alikutuma? Mwanamke mwenye mume hatoi damu yake kwa watu wa magari bila kumuuliza mwenye nyumba. Hao wanatafuta vyeo vyao, wakishapata wanaondoka, wewe unabaki na karatasi. Usirudi kuchukua hilo jibu. Kama ni mzima wa nini, na kama ni mgonjwa dawa yenyewe hawana. Narudia, usirudi.

Nijibu haya pia: waliandika jina la mume? Waliuliza mume anafanya kazi wapi, na kama amewahi kutoa damu? Usinifiche.

Mwisho wa mwezi huu sitakuja. Kuna kazi.

Mumeo,
Saadi

*

Nkowe,
6 Mei 2006

Saadi,

Nimerudi kuchukua jibu. Najua ulivyosema. Lakini mtoto ni wangu pia, na mimi ndiye niliyembeba.

Kliniki yetu unaijua. Tunakaa kwenye benchi barazani, nesi anaita majina. Ambaye jibu lake halina neno anaambiwa palepale mbele za watu: haya mama, chukua kadi yako nenda. Ukiwa na neno unaitwa ndani, chumba cha mwisho, kwa sababu ndicho pekee chenye mlango unaofungika. Na kila mtu Nkowe anajua wanaoitwa mle ni watu gani. Tulikuwa wanawake thelathini na mmoja. Nikaitwa mimi peke yangu. Benchi zima lilinigeukia, Saadi, hata watoto. Dada yako Rukaiya alikuwepo, alimleta mwanawe mchanga, mdogo wa Moza, kupimwa uzito. Nikamwona anamvuta mtoto karibu nilipopita.

Ninayo. Hiyo ya C ninayo. Nesi Tabitha alinishika mkono akasema mara tatu kwamba si UKIMWI. Akasema wanawake mia moja wakiwa nayo, watoto watakaoipata ni kama watano au sita, kwa hiyo nisikate tamaa. Nizae hospitali. Kunyonyesha ninyonyeshe. Mtoto atapimwa akifika mwaka mmoja na nusu, kabla ya hapo damu yake inakuwa bado imechanganyika na mambo ya mama yake, jibu halieleweki. Dawa huku hakuna. Miaka miwili ya kumtazama mtoto na kujiuliza, ndiyo niliyopewa.

Kisha wakajaza fomu. Umewahi kuongezewa damu? Hapana. Kupigwa sindano na watu wa mitaani? Hapana. Kuchanjwa chale? Hapana, baba hakutaka. Umewahi kutumia wembe mmoja na mtu mwingine?

Hapo nilikwama. Unajua kwa nini. Yule nesi ni mgeni, hajachezwa unyago wa kwetu, na daktari mwanamume amekaa pembeni na kalamu yake. Niseme nini mimi? Kungwi wangu aliniapisha kwamba ya ndani hayatoki nje, hata kwa mama mzazi. Nikasema hapana. Nesi akanitazama sana, akauliza tena. Nikasema hapana. Akaandika.

Nakuomba uje. Wewe ni mwanamume, unaweza kukaa na yule daktari mkaongea wawili, ukamweleza lile nililoshindwa. Na wamesema na wewe upime. Tukijua ilikotoka tutajua la kufanya. Njoo tafadhali.

Zaitun

*

Nkowe,
8 Mei 2006

Kaka Saadi,

Shikamoo. Mimi si mtu wa maneno, wewe mwenyewe unanijua, lakini hili nikilinyamazia nitakuwa nimekukosea wewe na marehemu baba.

Mkeo juzi kaingia chumba cha mwisho. Nimemwona kwa macho yangu mawili, na wenzangu kumi na kitu wamemwona. Alikaa mle hadi nikasema amekufa. Katoka macho mekundu, kapita kama hatujui. Nimemuuliza kwa upole, wifi kuna nini, akanijibu ni homa ya ini. Homa ya ini! Nani anaitwa kwenye kile chumba kwa homa ya ini, kaka? Si tunawajua walioingia mle na tunajua makaburi yao yalipo.

Mama amemtengea kikombe chake na sahani yake. Mimi nimewakataza wanangu kwenda kula kule. Na hilo jingine nilikuwa sitaki kulisema: yule Mikidadi wa mitumba, kila Jumanne baiskeli yake iko pale uani. Anasema anafuata barua. Barua gani za kila Jumanne?

Fanya unavyoona. Jipime na wewe, kaka, maana wewe ndiye tunayekutegemea.

Dada yako,
Rukaiya

*

Nachingwea,
20 Mei 2006

Kwa Bi Zaitun binti Nurdini,

Madhumuni ya barua hii ni kukujulisha uamuzi wangu.

Barua yako ya tarehe 6 nimeisoma mara nyingi. Wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, mbele ya nesi na daktari, umesema hujaongezewa damu, hujapigwa sindano, hujachanjwa chale na hujatumia wembe na mtu. Hayo ni maneno yako, si yangu. Basi ugonjwa wa damu umeutoa wapi? Mimi nakaa Nachingwea, nakuja mara moja kwa mwezi. Anayekuja kila Jumanne unamjua wewe, na barua hii nimempa yeye huyohuyo akuletee, ajue kwamba mimi si mjinga.

Nimekuacha talaka moja. Kwa kuwa una mimba, eda yako itakwisha utakapojifungua. Mimba hiyo mtafute aliyekupa. Mama anajua, na baba yako nimemwandikia Chinongwe aje akuchukue.

Na lile la wembe usilitaje kwa mtu yeyote. Uliapa wewe na mimi niliapa jandoni. Ukilitoa nje utakuwa umevunja heshima ya nyumba mbili, na hakuna atakayekuamini kwa kuwa fomu inasema hapana.

Saadi

*

Chinongwe,
3 Septemba 2006

Saadi,

Umepata mtoto wa kiume tarehe 27 Agosti, hospitali, salama. Baba amemwita Awadhi baada ya kungoja siku saba barua yako ya jina. Shehe wa hapa amesema mtoto ni wako hata ukatae, maana mimba iliingia ndani ya ndoa. Baba alitaka kuja huko na shehe. Nimemzuia.

Ana masikio yako yale, moja limelala.

Sijalitaja. Dada zangu wananiuliza, mama ananiuliza, kila mtu anataka kujua nimeitoa wapi. Nanyamaza, na wanavyoona nanyamaza wanapata jibu lao wenyewe. Mikidadi aliuza baiskeli akahama kwa aibu ya kitu ambacho hakukifanya. Barua hii nampa kondakta wa basi.

Njoo umwone mtoto. Mara moja tu. Mimi si lazima unione.

Zaitun

*

Nachingwea,
10 Februari 2008

Wifi yangu Zaitun,

Najua sina haki ya kukuita hivyo. Nimeanza mara tatu na kuchana. Vumilia usome mpaka mwisho, halafu unitukane.

Kaka anaumwa. Nimekuja huku tangu Desemba kumuuguza, mwanamke aliyekuwa akikaa naye aliondoka alipoona hali. Tumbo limejaa maji, miguu imevimba, macho yamekuwa ya njano. Amelazwa. Daktari anasema ini limekwisha, na kwamba pombe imelimalizia. Wifi, miaka hii alikuwa anakunywa uraka, ile pombe ya mabibo, msimu ukiisha anahamia gongo, mtoto wa Kiislamu! Nilidhani ni hasira ya kuachana.

Juzi wamedai kadi yake ya zamani ya matibabu. Nikaenda chumbani kwake, nikafungua lile sanduku la bati. Chini kabisa, ndani ya bahasha yenye cheti chenu cha ndoa, kulikuwa na karatasi imekunjwa mara nne. Inatoka hospitali ile ya misheni alikolazwa mjomba wetu tulipokwenda kumtolea damu. Tarehe 14 Juni 2004. Imeandikwa jina la kaka, damu yake imekataliwa, ana homa ya ini aina ya C. Chini wameandika kwa mkono: asinywe pombe, asichangie wembe wala mswaki na mtu, amlete mke apimwe.

Elfu mbili na nne, Zaitun. Wewe ulipimwa elfu mbili na sita.

Nikakaa kwenye kile kitanda, nikakumbuka barua niliyomwandikia mimi. Mimi ndiye niliyemwambia habari ya chumba cha mwisho. Mimi ndiye niliyemtaja Mikidadi. Nilimpa kaka fimbo, akakupiga nayo. Nimemwonyesha karatasi, akageukia ukutani. Baadaye akasema, "Ataniletea mtoto?" Nikamwambia nani atakuletea mtoto, wewe mtu?

Moza wangu amevunja ungo mwezi uliopita. Namtazama naogopa.

Nisamehe, au usinisamehe, ila nimekwambia.

Rukaiya

*

Nachingwea, hospitali,
3 Machi 2008

Zaitun,

Naandika nimelala kitandani, utasoma kwa taabu. Leo sina madhumuni.

Ni kweli. Walinipa ile karatasi nikaikunja nikaiweka mfukoni, na nilipofika Nkowe mwisho wa mwezi ule nilikuwa nimeamua kukwambia. Ulikuwa umepika njugu mawe. Ulicheka kitu, sikumbuki nini. Nikasema kesho. Kesho yake ukauchukua wembe dirishani, ukaniambia kaa hapa, kama tulivyofundishwa, nanyolewa mimi kwanza, kisha wewe. Nikakaa. Nilijua na nikakaa. Kungwi wako alisema nini, kwamba mume na mke hawana nyembe mbili kwa sababu hawana siri mbili? Ningenunua wa pili, ungeniuliza wa nini. Lile swali moja lilinishinda, Zaitun. Kila mwezi nilisema mwezi ujao. Miezi ishirini na mbili.

Ugonjwa mimi mwenyewe sijui niliutoa wapi. Labda kisu cha jandoni, tulikuwa wavulana arobaini na kisu kimoja. Labda zile sindano za utotoni. Sikuupata kwa wanawake, hilo naapa, ijapokuwa najua kiapo changu kwako sasa ni takataka.

Uliponiandikia kwamba umemjibu nesi hapana, nilifurahi. Naandika hili ulijue lote. Nilifurahi kwamba umeninyamazia. Nikayachukua maneno yako nikakufungia nayo mlango. Nilikuwa naogopa watu wa ghalani wajue, mama ajue, baba yako ajue kwamba ni mimi niliyewaharibu. Ilikuwa rahisi wajue ni wewe.

Siombi urudi. Siombi usamehe. Naomba neno moja tu. Rukaiya kasema mtoto sasa ametimiza mwaka mmoja na nusu. Kama amepimwa, niambie anao au hana. Nikijua hana nitakufa vizuri kidogo. Nikijua anao basi nijue.

Tafadhali, Mama Awadhi.

Saadi

*

Chinongwe,
20 Aprili 2008

Saadi,

Barua yako nimekaa nayo wiki sita. Mvua imekata barabara mara mbili, lakini si mvua iliyonichelewesha.

Hivi wewe mtu una roho ya namna gani? Nilikuwa nimekaa mbele yako na wembe mkononi, nakunyoa, nakuangalia nisikukate, na wewe ukanyamaza. Kisha ukauchukua wembe uleule wenye damu yako ukaninyoa mimi mwenye hamu ya mtoto. Nasema wazi sasa, kungwi aje anishitaki. Mimi na mume wangu tulikuwa tunanyoana kwa wembe mmoja kila mwisho wa mwezi kwa sababu tulifundishwa ndiyo mapenzi. Nimeyaandika, na mbingu haijaanguka. Laiti ningeyasema siku ile kwenye kile chumba! Nimeilinda heshima yako kwa mwili wangu, na wewe ukaitumia kunitoa nyumbani kwangu.

Unajua nimeishi vipi? Mama yangu mzazi alikuwa anakausha kikombe changu juani mbali na vingine. Dada yangu hakutaka nimshike mwanawe. Kisimani wananipisha, si kwa heshima. Jirani yetu Teodosia peke yake ndiye aliyekuwa anakuja kumbeba Awadhi nipate kulima, na yeye walimsema. Nilinyonyesha huku nachungulia macho ya mtoto kila asubuhi kama yamegeuka njano. Kila asubuhi, Saadi. Anapata homa ya meno, mimi nasema ndiyo yenyewe. Anakataa kula, nasema ndiyo yenyewe. Miezi kumi na minane.

Sasa swali lako. Mtoto amepimwa tarehe 28 Februari. Nesi Tabitha mwenyewe aliifuatilia damu Dar. Jibu limetoka, karatasi iko hapa mbele yangu. Nimeikunja mara nne, kama ulivyoikunja yako.

Wewe uliniweka miaka miwili bila kujua. Mimi sitakuweka miaka miwili, naambiwa hunayo. Nakuweka siku hizo ulizo nazo. Lala na hilo swali, uamke nalo, ujue linavyokaa kifuani.

Ndani ya bahasha nimekuwekea wembe mpya, haujafunguliwa. Mwambie anayekuuguza akunyoe nao. Ni wako peke yako.

Zaitun

*

Nachingwea,
6 Mei 2008

Wifi Zaitun,

Kaka amefariki Ijumaa iliyopita kabla ya sala ya adhuhuri. Tumemzika hukuhuku, gari la kumpeleka Nkowe halikupatikana na maiti ilikuwa haisubiri. Mama hakuwahi.

Barua yako ilifika Jumatatu ya wiki ileile. Macho yake yalikuwa hayasomi tena, akaniambia nisomee yote, usiruke. Nikasoma. Nilisoma ya wembe, nilisoma ya kikombe juani, mimi mwenyewe nalia. Machozi yanamtoka tu. Wagonjwa wenzake wodini walikuwa wanasikia, sikujali.

Nilipofika pale pa karatasi, wifi, ulimi ukanikatalia. Nikasoma: "Jibu limetoka, mtoto ni mzima, hana kitu." Lilinitoka lenyewe. Yale yaliyofuata sikuyasoma. Akasema rudia. Nikarudia. Akasema rudia tena, na mimi naogopa nisije nikabadilisha neno. Siku zile nne alinirudisha hapo sijui mara ngapi. Alikuwa anacheka kidogo, anasema, "Hana kitu, Rukaiya. Umesikia?" Ijumaa asubuhi aliniuliza mara ya mwisho, nikamwambia hana.

Wembe nimeutumia kumnyoa alipokuwa hai bado, aliutaka mwenyewe. Nimeutupa chooni.

Sasa silali kwa raha. Nimemdanganya mtu anayekufa juu ya mwanawe. Kama mtoto anao, nimefanya dhambi, na wewe nimekunyang'anya haki yako ya kumwadhibu. Niambie tu. Mimi nilimdanganya?

Rukaiya

*

Chinongwe,
11 Mei 2008

Rukaiya,

Hukumdanganya. Karatasi inasema hana.

Nilijua hivyo nilipokuwa naandika. Nilitaka aonje siku mbili tatu, halafu nimwandikie nyingine, na niliiandika kweli, nilikuwa nayo tayari tangu tarehe 23. Barabara ilikatika, basi halikupita mpaka hili lililoleta barua yako. Naiweka humu pamoja na hii. Usiifungue, haikuwa yako. Ukienda kaburini ifukie pale kichwani, au ichome, mimi sijui kinachofaa. Ina mstari mmoja tu, uleule uliomsomea wewe.

Usiniulize kama nimemsamehe. Sijui. Asubuhi nikiamka bado nachungulia macho ya mtoto, nimezoea, na yangu nachungulia pia kwenye kioo. Mimi ninayo bado, hilo watu husahau. Nesi anasema nisinywe pombe na nirudi kila mwaka. Nilipokwenda nilimwambia afungue ile fomu yangu ya zamani, lile swali la wembe. Akaandika ndiyo. Akaniuliza kwa nini wakati ule nilisema hapana. Nikamweleza yote, mlango umefungwa, sisi wawili, na aliweka kalamu chini.

Na wewe nimekusikia kuhusu barua yako ile. Ningeweza kukujibu mengi. Badala yake nakuomba jambo. Moza anachezwa mwezi wa saba. Mimi nisingeweza kuja hata mngenialika, hawanitaki ngomani, kwao bado ni yule wa chumba cha mwisho. Wewe ni mama yake, utakuwa ndani. Kungwi akifika kwenye lile somo, akatoa wembe mmoja, simama. Toa wa pili. Watakuzomea, watasema umeleta siri kwenye nyumba ya mtoto kabla hajaolewa. Waache waseme. Akikuuliza nani amekufundisha haya, usimfiche, litaje jina langu, na la baba yangu.

Awadhi anakusalimia. Hakujui, ila nimemwambia una binamu zake.

Zaitun binti Nurdini